Nyuki Wakubwa, Nyuki Wadogo na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Wilaya za Tarime na Serengeti)



Chama cha msingi kinaponunua kahawa huko Tarime, karani haandiki neno "kahawa" katika stakabadhi na kukoma hapo. Hutazama imekauka kiasi gani, huitenga iliyo nzuri na iliyo duni, kisha huipima. Kule Serengeti nako pamba safi haichanganywi na pamba fifi, na mwanachama akijaribu kuichanganya hukemewa hapohapo mizanini. Lakini asali ikiletwa ghalani aghalabu huandikwa neno moja tu, "asali", na ndoo zote hupangwa ukutani kama watoto wa mama mmoja. Hapo ndipo hasara ya vyama vingi huanzia, kwa maana asali ile si ya nyuki mmoja. Kadhalika mwanachama anapoomba chama kimkopeshe mizinga, kamati haina budi kujua ni nyuki gani atakayeingia humo, maana mzinga usiomfaa nyuki ni kuni zilizopakwa rangi.

Katika wilaya hizi mbili wafugaji hufuga nyuki wa namna mbili: nyuki wakubwa, ambao wanauma, na nyuki wadogo, ambao hawana mwiba wa kuumia. Majina haya ni ya wananchi wenyewe na yanatosha kwa daftari. Hata hivyo yafaa katibu ajue kidogo zaidi ya majina, kwa sababu wauzaji wa vifaa na watoa ushauri hupita wakitaja aina nyingi za nyuki, na si yote wasemayo yanafaa kwa Mara.

Na tuanze na nyuki mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye asali nyingi na ndiye mwenye nta. Nyuki wa asali wa Afrika na wa Ulaya ni wa jamii moja, Apis mellifera, lakini jamii hiyo ina koo nyingi, na kila ukoo umezoea nchi yake. Ukoo wa nyika na nyanda za Afrika Mashariki, ndio wa Serengeti na Tarime, wataalamu huuita scutellata. Mwanga wa pwani, kuanzia Kenya kwenda kusini, una ukoo mwingine uitwao litorea. Katika misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro, Meru na Elgon yuko nyuki mweusi zaidi, mwenye mwili mkubwa na mpole, aitwaye monticola. Majina hayo mawili ya mwisho, la pwani na la milimani, yalitolewa mwaka 1961 na F. G. Smith, mtaalamu aliyesimamia kazi za nyuki katika Tanganyika, kwa hiyo elimu hii haikutoka mbali. Ilitungwa juu ya nyuki wa nchi hii hii.

Nyuki wa nyika huitwa mkubwa kwa kulinganishwa na yule asiyeuma tu. Akiwekwa kando ya nyuki wa Ulaya, yeye ndiye mdogo. Tundu la sega analolelewa kibarua wake lina upana wa milimita 4.9 hivi, ilhali la yule wa Ulaya hukaribia milimita 5.4. Nusu milimita yaonekana kuwa si kitu, lakini ndiyo inayomhusu seremala. Kwa kuwa nyuki ni mdogo, masega yake nayo hukaribiana: toka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili ni milimita 32 hivi, na kwa nyuki wa Ulaya ni milimita 35. Mzinga wa fremu uliobuniwa na Langstroth huko Marekani katikati ya karne ya 19 ulipimwa kwa nyuki wa Ulaya. Mzinga wa pau za juu, ulioenezwa kutoka Kenya miaka ya 1970, ulipimwa kwa nyuki wa huku, na kila upau wake una upana wa milimita 32. Fundi asiyeambiwa hivyo huchonga pau kwa macho, nene au nyembamba kadiri mbao zilivyomjia. Nyuki nao hujenga masega mshazari, sega moja likishika pau tatu, na siku ya kurina hakuna upau unaoinuka bila kuvunja kila kitu. Mwanachama hukata masega kama alivyozoea katika gogo, na mkopo wa mzinga wa kisasa unakuwa umenunua gogo la bei kubwa. Kamati inapoagiza mizinga, kipimo hicho cha milimita 32 hakina budi kuandikwa katika mkataba wa fundi, na mjumbe mmoja aende na rula kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Tabia ya pili ya nyuki huyu ni ukali. Kibarua mmoja akichoma, huacha mwiba na mfuko wa sumu, na pamoja navyo harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo hufanana na ya ndizi mbivu, kwa sababu kiini chake ni kilekile kilichomo katika ndizi. Basi mwenye kwenda mzingani asile ndizi njiani, ushauri ambao nyumba nyingi za Tarime zitaucheka. Dawa ya ukali ni moshi wa kutosha, kofia ya wavu, na kufanya kazi jua linapozama. Mizinga iwe mbali na njia ya shule, mbali na zizi na mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Chama kinachotoa mizinga bila bomba la moshi wala mavazi hutoa nusu ya mkopo, na nusu iliyobaki hulipwa na mwili wa mwanachama.

Ukali huo, hata hivyo, si hasara tupu. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti vinajua maana ya tembo kuingia shambani usiku. Utafiti uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa tembo husikia sauti ya nyuki waliochokozwa na kukimbia, na baadaye wakulima wa huko wakajaribu kuzungushia mashamba uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya, ili tembo akigusa waya mizinga yote itikisike. Nyuki mpole hangefaa kwa kazi hiyo. Ila izingatiwe kwamba mizinga hutundikwa katika ardhi ya kijiji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hairuhusiwi kutundika mzinga wala kurina asali, na chama kisikubali asali iliyotoka humo hata kama muuzaji ni mwanachama wa miaka mingi.

Tabia ya tatu, na ndiyo iletayo ugomvi mwingi, ni kuhama. Nyuki wa Ulaya ana majira ya baridi kali, hana pa kwenda, kwa hiyo hujaza ghala na kulikalia. Nyuki wa nyika yeye huona mvua. Maua yakikauka, maji yakipungua, siafu wakiingia au mrinaji akichukua masega yote bila kuacha chochote, kundi zima huinuka na kwenda kwenye maua mengine, mbali. Mvua zikirudi na migunga ikichanua, makundi hurudi na kuingia katika mzinga wowote ulio safi na wenye harufu ya nta. Pia huzaa upesi. Kibarua hutoka katika tundu baada ya siku 20 hivi au pungufu kidogo, badala ya 21 za yule wa Ulaya, na kundi hutoa mapumba mara kwa mara.

Maana ya jambo hilo katika hesabu ni kubwa. Tuseme chama kina mizinga 100, na katibu ameandika katika taarifa ya mwaka kuwa chama "kina nyuki mizinga 100". Kiangazi kikifika, mizinga 60 ni mitupu. Wanachama husema nyuki wameibwa, au jirani ametumia dawa. Watu huitana barazani, na mlinzi hufukuzwa kazi. Kumbe hapakuwa na mwizi. Daftari ndilo lililosema uongo, maana lilihesabu mbao badala ya makundi. Mkopo hulipwa na makundi yenye asali, wala haulipwi na masanduku. Kwa hiyo rejista ya mizinga iwe na safu mbili, moja ya mizinga na nyingine ya makundi yaliyomo, na kuhesabu kufanywe angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua na katikati ya kiangazi, mtunza mizinga na mjumbe wa kamati wakitia sahihi wote wawili. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili si wizi mpaka ithibitishwe.

Sasa huja swali linaloulizwa na wanachama wa milimani: je, Tarime, nchi ya baridi na migomba, haina yule nyuki mpole wa milima? Jibu ni kwamba monticola ni wa misitu ya juu sana, aghalabu mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Tarime havifiki huko. Nyuki wa Tarime ni scutellata yuleyule wa Serengeti, ingawa asubuhi ya ukungu huchelewa kutoka na kwa hiyo huonekana mtulivu. Watafiti waliowachunguza nyuki wa milima ya Kenya walitangaza mwaka 2017 kuwa wale wa juu na wale wa chini karibu wanafanana kabisa katika urithi wao, isipokuwa vipande viwili vikubwa vya urithi ambavyo ndivyo huwatofautisha. Kumteremsha nyuki huyo kwa gari kutoka mlimani hakuleti ukoo mpya kijijini. Malkia hupandwa angani, na madume wengi, wala si mmoja; mabinti wa malkia mgeni watapandwa na madume wa nyika, na baada ya vizazi vichache upole ule hautaonekana tena.

Sababu hiyohiyo yawahusu wale wanaotamani nyuki wa Ulaya. Ni kweli kuwa nyuki wa Italia, mwenye mistari ya manjano, na yule wa kijivu wa Slovenia na Austria ni wapole na huleta asali nyingi kwao. Lakini historia ya kuhamisha nyuki ni ya kutisha kidogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, akitaka kupata nyuki wafaao nchi za joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Wazao wao walienea Amerika Kusini yote yenye joto, wakapita Amerika ya Kati, na Oktoba 1990 wakafika Texas, Marekani. Wabrazil waliogopa mwanzoni, wengine wakaacha kufuga. Kisha wakajifunza kuweka mizinga mbali na nyumba, kuvaa vizuri na kutumia moshi mwingi, na leo Brazil huuza asali nyingi nchi za nje kutoka kwa nyuki haohao wenye damu ya Afrika.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Afrika Kusini ina ukoo wa Rasi, capensis, ambao vibarua wake waweza kutaga mayai yatoayo majike bila kupandwa. Mwaka 1990 wafugaji walihamisha mizinga ya nyuki hao kwenda kaskazini, katika nchi ya scutellata. Vibarua wageni waliingia katika mizinga ya wenyeji, wakataga wasifanye kazi, na makumi ya maelfu ya makundi yakafa. Ugonjwa nao husafiri na nyuki. Utitiri uitwao varroa, ambao ulitoka kwa nyuki wa Asia na kuangamiza makundi mengi Ulaya na Marekani, uligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wa huku wameishi nao bila kutiwa dawa. Yule mpole wa kununuliwa kwa fedha za kigeni huhitaji dawa kila mwaka. Basi mtu akija ofisini kuuza malkia au makundi kutoka nje, katibu asitie sahihi yoyote. Ampeleke kwa Afisa Nyuki wa Wilaya, kwani mambo hayo yanasimamiwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Nyuki wa Mara hawanunuliwi. Huingia wenyewe, na gharama yao ni nta kidogo iliyopakwa ndani ya mzinga.

Kwa ajili ya wenye kupenda kujua, Asia ina nyuki wengine wa asali ambao si wa jamii ya huku: cerana, anayefugwa mizingani India na China, dorsata, jitu linalotundika sega moja kubwa chini ya tawi au mwamba, na florea, kijinyuki chenye sega moja dogo, ambacho kilionekana Sudan katika miaka ya 1980. Hao si wa kutafutwa hapa.

Nyuki mdogo ni habari nyingine. Yeye si ukoo wa Apis hata kidogo. Hukaa katika tundu la mti, mara nyingine ufa wa ukuta wa udongo, na mlango wake hutambulikana kwa kijibomba cha nta na gundi kinachochomoza kama mdomo wa chupa. Hachomi, akiudhika huingia katika nywele, masikio na macho, na huuma kwa meno. Hajengi masega ya asali bali vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na gundi, na vijungu vya asali huwa kando ya vile vya kulelea watoto. Aina zake ni zaidi ya moja, nyingine si kubwa kuliko chungu.

Tofauti iliyo muhimu kwa chama ni hii: malkia wa nyuki wadogo, akishaanza kutaga, tumbo huwa zito hata hawezi kuruka tena. Kundi lake halihami kama la nyuki wakubwa. Vibarua hutayarisha kiota kipya polepole, wakichukua nta na chakula kutoka kiota cha zamani, ndipo malkia kijana huenda huko. Kwa hiyo mrinaji anayeangusha mti na kupasua shina kwa shoka amemaliza kundi lile; hakuna litakalorudi mvua ikinyesha. Asali aliyoipata huenda isijaze hata lita chache. Bei yake hakika ni kubwa, kwa kuwa wananchi huitumia kama dawa ya kifua na huinunua kwa kichupa, lakini ni bei ya kuchinja ng'ombe wa maziwa. Njia iliyo bora ni kukata kipande cha shina chenye kiota kutoka mti ulioanguka wenyewe, au kukihamishia katika kisanduku kidogo kinachofunguka, na kuchukua asali ya vijungu vya pembeni tu, kwa kunyonya na bomba safi la sindano. Kisanduku chaweza kukaa chini ya dari ya nyumba. Mama mjane asiyeweza kupanda mti usiku, au mzee mwenye miguu mibovu, aweza kuwa mfugaji wa nyuki wadogo na akaleta mazao yake chamani kama mwanachama mwingine yeyote. Vyama vingi vimesahau jambo hili kwa sababu fomu ya mkopo huuliza idadi ya mizinga ya mitini peke yake.

Asali hiyo ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na maji mengi. Maji yake aghalabu huwa kati ya asilimia 25 na 30. Asali ya nyuki wakubwa iliyoiva, ile ambayo masega yake yamefunikwa kwa nta, huwa chini ya asilimia 20, na asilimia 20 ndicho kikomo kinachokubaliwa katika biashara. Hebu ifikiriwe ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ya nyuki wakubwa yenye maji asilimia 18. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo hiyo ni kilo 28, na maji yaliyomo ni kilo 5 na gramu 40. Karani akimimina humo kilo 10 za asali ya nyuki wadogo yenye maji asilimia 30, ameongeza kilo 3 za maji. Sasa kuna kilo 38 zenye maji kilo 8 na gramu 40, yaani zaidi ya asilimia 21. Mzigo wote umevuka kikomo. Baada ya majuma kadhaa utafanya povu, mnunuzi ataurudisha, na kamati itasema asali ya mwaka huo ilikuwa mbaya, ilhali asali zote mbili zilikuwa nzuri zilipokuwa mbalimbali.

Hesabu ile ya kilo 28 yastahili kurudiwa kwa sababu nyingine. Yapo maghala yanunuayo asali kwa ndoo na kuiuza kwa kilo, na karani huandika ndoo ya lita 20 kuwa kilo 20. Kilo 8 katika kila ndoo hazina mwenyewe katika vitabu. Ndoo 50 ni kilo 400. Mwanachama hakulipwa, chama hakikuandika, na fedha zake hazikosi mfuko wa kuingia. Asali inunuliwe kwa mizani, chombo kikipimwa kitupu kwanza, na stakabadhi itaje aina: NK kwa nyuki wakubwa, NW kwa nyuki wadogo. Nta ya nyuki wakubwa iwe na safu yake, maana haiozi na yaweza kungoja bei, ingawa warinaji wengi bado huitupa pamoja na makapi.

Limebaki jambo la dawa za mashambani, ambalo huwagusa nyuki wa aina zote mbili. Vyama vyenyewe ndivyo vigawavyo dawa ya pamba na ya kahawa kwa mkopo. Dawa ikipulizwa asubuhi maua yakiwa wazi, huua vibarua walioko shambani, na walio hai huibeba mpaka mzingani. Hasara haimpati mfuga nyuki peke yake. Mwaka 2002 mtafiti David Roubik alitangaza kuwa kahawa ya arabika huko Panama, ambayo husemwa kuwa yaweza kujichavusha yenyewe, ilizaa zaidi kwa kiasi cha asilimia 50 pale ilipotembelewa na nyuki. Na nyuki hao walikuwa wazao wa wale waliotoroka Brazil. Mkulima wa kahawa wa Tarime anao nyuki wa ukoo huo bila kuwalipa. Karani wa pembejeo anapotoa chupa ya dawa na amwambie mwanachama apulize jioni, nyuki wakisharudi, na awaarifu majirani wenye mizinga siku moja kabla. Tarehe ya kupuliza iandikwe nyuma ya hati ya mkopo wa dawa, ili malalamiko yakifika kamatini pawepo karatasi ya kutazama.